Meli Kumi Gatini, Mbili Baharini: Kutafuta Ugonjwa wa Jeshi Dogo la Majini

Jumamosi baada ya Isha tunakusanyika watu sita katika chumba cha chini cha nyumba moja ya Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa. Mezani kuna ramani ya mwambao kutoka Lamu hadi Kilwa, dado mbili, dele la kahawa na daftari kubwa la hesabu. Mchezo wetu ni wa mezani, wa kuigeuza historia na kuona ingekwendaje, na unaanzia kwenye upepo. Kimbunga cha Aprili 1872, kile ambacho katika historia ya kweli kilivunja merikebu za Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, bandarini Unguja na kung'oa mikarafuu mashambani, kwetu kinapita mbali baharini. Merikebu zinabaki, karafuu inabaki, na dola inapata pumzi iliyonyimwa. Tangu hapo wachezaji wanajenga jeshi la majini msimu kwa msimu: zamu moja ya kaskazi, zamu moja ya kusi, mpaka 1914.

Makao ya jeshi tumeyaweka Kilindini. Ushabiki wa nyumbani upo, sikatai, lakini bandari yenye kina na mlango mwembamba haipatikani kila mahali. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kuipiga Ceylon, Waingereza walilileta kundi lao la manowari za Bahari ya Hindi hapa hapa.

Mimi ndiye msimamizi. Natunza daftari, nasoma dado, na ndiye ninayelaumiwa. Nimeona majeshi matano ya majini yakifa juu ya meza ile, na moja tu ndilo lililozamishwa na adui. Manne yaliyobaki yalikufa yakiwa yamefungwa kamba gatini. Kwa hiyo mwongozo huu una upande, na nautaja mapema: dalili huonekana majini, lakini kila nikichimba chanzo nakikuta nchi kavu. Kiko ghalani, chelezoni, forodhani, au jikoni kwa mabaharia. Tafuta dalili inayofanana na yako, kisha kagua kwa mpangilio nilioufuata, maana unaanza na kile kisichogharimu kitu ila kufungua daftari.

Dalili: meli ziko kumi, zinazotoka ni mbili

Hii ndiyo homa inayompata kila mmoja. Kwenye karatasi una manowari kumi. Unataka kupeleka nne Pemba, na daftari linakwambia haziwezi. Mchezaji mpya hudhani msimamizi anamwonea. Chombo hakiendi ila kwa nyenzo, na nyenzo za meli ya mvuke hazionekani ukiitazama meli.

Anza na ghala la makaa. Mwambao wetu hauna mgodi wa makaa ya mawe. Kila gunia linaletwa na meli, kutoka Wales, India au Natal. Yaliyosifika kwa manowari ni ya Wales, kwa sababu yanatoa moto mkali na moshi mdogo, na bila shaka ndiyo yanayotoka mbali kuliko yote. Ukinunua ya bei rahisi utaonekana kwa moshi kabla milingoti yako haijaonekana. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mchezaji kununua makaa ya msimu mmoja tu, kama mtu anayenunua unga wa kupima dukani kila jioni. Siku Uingereza inapotangaza vita na mtu yeyote, au inapokukasirikia wewe, duka linafungwa. Sisi tumeweka kanuni: hakuna meli ya tatu mpaka ghala liwe na makaa ya misimu miwili. Na makaa hayakai kama mchanga. Kwenye joto hupoteza nguvu, na rundo kubwa linaweza kuwaka lenyewe. Kila msimu tunafuta sehemu moja kati ya kumi ya akiba, na dado likitoka moja na moja, ghala linawaka.

Asiyeamini kwamba makaa yanaua manowari nampeleka Fort Jesus. Pale kuna mzinga wa meli ya Kijerumani Königsberg. Alfajiri ya Septemba 20, 1914 meli hiyo iliingia Unguja ikaikuta manowari ya Uingereza HMS Pegasus imetia nanga inatengenezwa mitambo, ikaizamisha. Ushindi safi. Lakini muda si muda mitambo ya Königsberg yenyewe ikaharibika, ikajificha kwenye delta ya Rufiji. Vipuri vilifunguliwa, vikaburutwa nchi kavu na watu mpaka karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa kwa njia ile ile. Meli ya Rubens, iliyotumwa kutoka Ujerumani na makaa ya kuiokoa, haikuifikia. Aprili 1915 iliishia kwenye ghuba ya Manza, karibu na Tanga. Königsberg ilikaa mikokoni mpaka Julai 11, 1915 ilipomalizwa. Hebu tazama tena kisa hiki: meli iliyozamishwa ilikamatwa kwenye matengenezo, na iliyoizamisha ikanaswa na matengenezo.

La pili ni maji. Boila inataka maji baridi yasiyo na chumvi, na visima vya kisiwa cha Mombasa vina uchumvichumvi. Kama hukununua mtambo wa kukeneka maji wala mashua ya kubebea maji kutoka bara, boila zako zinazeeka mara mbili ya kadi inavyosema. Hili ni dogo na linatibika kwa zamu moja. Linasahaulika kila mara.

La tatu ni tumbo la meli, na hapa ndipo wachezaji wa pwani wanaponiaibisha, maana babu zao walilijua vizuri kuliko wao. Jahazi hupandishwa ufukweni maji ya bamvua, likakunwa, likakalafatiwa, likapakwa deheni ya shahamu na chokaa chini na sifa, yaani mafuta ya papa, juu. Hakuna nahodha aliyeona hiyo kuwa anasa. Meli ya chuma nayo inaota mwani na kome katika maji yetu ya moto, tena upesi. Merikebu ya mbao unaweza kuivisha shaba ikakaa safi. Chuma hukivishi shaba hivi hivi, kwa sababu vikigusana ndani ya maji ya chumvi chuma huliwa. Kwa hiyo lazima meli itoke majini, ikunwe, ipakwe rangi. Kwetu kila msimu bila kukunwa inapoteza maili moja ya kasi kwa saa na kula makaa zaidi. Misimu minne ikipita, kruza yako, manowari iliyoundwa kwa mbio, inakimbizwa na boti ya posta.

Sasa jiulize: gudi, bwawa kavu la kutengenezea meli, iko wapi? Kama huna yako, iliyo karibu na yenye mafundi ni ya Bombay. Meli inayokwenda kukunwa Bombay unaifuta msimu mzima, na anayekutengenezea ndiye anayejua kila ubovu wako. Amiri wetu wa kwanza, yaani mchezaji anayeongoza meli, kijana anayefanya kazi ya kutoa mizigo bandarini mchana, alikuwa na meli kumi na hana gudi. Tatu zilikuwa njiani kwenda au kutoka Bombay, tatu kasi imeisha, mbili hazina mafundi wa injini. Zikabaki mbili. Dado halikuwa na hatia.

Hesabu ya kuitumia ni ya tatu-tatu: ukitaka meli moja baharini, nyingine iko chelezoni na nyingine inafundisha watu. Ukitaka mbili doria daima, nunua sita, kisha fedha ya zile nne zinazobaki kwenye kumi ijenge gudi na karakana. Jirani mmoja, mzee aliyefanya kazi chelezoni ujana wake wote, alikaa nasi usiku mmoja akatazama daftari lile. Amiri akamwuliza, "Ami, kosa liko wapi?" Mzee akanywa kahawa yake kwanza. "Mnahesabu meli kama mtu anavyohesabu ng'ombe," akasema. "Hesabuni mafundi." Tangu siku ile ukurasa wa kwanza wa daftari una safu ya mafundi: wa boila, wa mabati, wa mbao, wa mizinga. Meli zinaanza ukurasa wa pili.

Dalili: meli imefika kwa shangwe, mwaka wa pili hazina imekauka

Katika historia ya kweli, baada ya kimbunga Barghash aliagiza Uskochi meli iliyopewa jina HHS Glasgow, ikashushwa majini mwaka 1878. Ilikuwa na mizinga saba ya kujazia mdomoni. Mwenyewe hakuvutiwa nayo sana, na maisha yake mengi ilikaa nanga mbele ya mji. Agosti 27, 1896 ilithubutu kuzifyatulia manowari za Uingereza, na vita vyenyewe viliisha ndani ya saa moja. Glasgow ilizama pale pale ilipotia nanga, milingoti yake ikabaki nje ya maji mpaka 1912 ilipovunjwa.

Katika mchezo wetu kimbunga hakikupiga, na bado kila mchezaji ananunua Glasgow. Nimeacha kushangaa. Meli ya fahari inatazamwa na mji mzima. Karakana inatazamwa na nani?

Ukaguzi wa kwanza: je, umeandika gharama ya kuitunza au bei ya kununua tu? Kanuni yetu ni sehemu moja kati ya kumi ya bei kila mwaka kwa matengenezo, mishahara na makaa mbali. Miaka kumi, umeilipia mara mbili. Kama hazina haibebi hiyo, meli hukuinunua, umeikopa kwa mjukuu.

Ukaguzi wa pili ni mapato, na hapa kuna mtego ambao hauko kwenye vitabu vya michezo. Mchezaji akiishiwa husema, "Napandisha ushuru wa forodha." Hawezi. Mkataba wa 1833 na Marekani uliufunga ushuru wa bidhaa zinazoingia kwenye asilimia 5, na ile ya Uingereza ya 1839 na Ufaransa ya 1844 ikafuata njia hiyo hiyo. Ukigusa asilimia hiyo, mabalozi watatu wanabisha hodi zamu hiyo hiyo. Zaidi ya hapo, forodha yenyewe ilikuwa ikikodishwa kwa wafanyabiashara: nyumba ya Jairam Shivji kwa miaka mingi, kisha Taria Topan. Mkodishaji anakulipa fungu lililokubaliwa na kinachozidi ni chake. Dawa iko hapo. Vunja ukodishaji hatua kwa hatua, fundisha makarani wako, kusanya mwenyewe. Inachukua kama zamu sita na haina shangwe hata kidogo. Waziri wa hazina wetu, mwalimu wa hesabu, aliifanya bila kumwambia mtu. Tulijua siku alipolipa madeni.

Kuna jaribu jingine sitalificha, kwa kuwa ni historia yetu. Mikarafuu ilichumwa na watumwa. Mkataba wa 1873 ulifunga soko na kupiga marufuku biashara hiyo baharini, na HMS London ikawekwa bandarini Unguja mpaka 1883, boti zake zikisaka majahazi yenye watumwa. Mchezaji mmoja alitaka "mapato ya pembeni". Nikamwambia kadi hiyo haipo kwenye sanduku langu. Watu hawakai kwenye safu ya karafuu. Anayetaka karafuu alipe vibarua, na bei hiyo iingie kwenye hesabu ya manowari zake.

Haya, je, meli moja kubwa ni ujinga siku zote? Hapana. Wagiriki walinunua kruza yenye deraya, Georgios Averof, karibu theluthi ya malipo ikitoka kwenye wasia wa tajiri aliyeipa jina lake. Ilifika 1911, na Desemba 1912 kwenye vita vya Elli ilijitenga na wenzake kwa kasi yake ikawarudisha Waturuki ndani ya mlango wa Dardanelles. Lakini tazama masharti: adui mmoja, bahari moja nyembamba, fedha ya zawadi. Ukiwa nayo yote matatu, nunua. Ukiwa na mawili, rudi kwenye ukaguzi wa kwanza.

Dalili: umelipa, meli haifiki

Chanzo karibu siku zote ni kimoja: umeagiza kwa mtu ambaye naye anaweza kuihitaji. Waturuki walilipia manowari mbili kubwa Uingereza, Reşadiye na Sultan Osman I, michango ya wananchi ikiwamo. Mabaharia wao walishafika kuichukua Sultan Osman I. Mwanzoni mwa Agosti 1914 Waingereza wakazitwaa zote mbili. Ya kwanza ikawa HMS Erin, ya pili HMS Agincourt. Na ile Agincourt hapo awali iliagizwa na Brazil. Brazil hiyo hiyo ilikuwa imeagiza boti tatu za mizinga za mtoni, zisizohitaji maji mengi, kwa ajili ya Amazon. Ikashindwa kuzilipia, Uingereza ikazichukua 1914. Mbili kati yake, Severn na Mersey, ndizo zilizoingia Rufiji kuimaliza Königsberg. Meli ya mto wa Marekani ya Kusini imepigana kwenye mikoko yetu kwa sababu mnunuzi aliishiwa.

Dawa: lipa kwa awamu na kila awamu ifungwe na kazi iliyoonekana. Usiagize meli zote nchi moja. Ikifika mwaka wa 1911 kwenye ramani, usiagize chochote kinachochukua zaidi ya misimu minne. Vidogo jengeni nyumbani hata kama vitakuwa vibaya. Boti mbaya iliyoko Kilindini ni bora kuliko nzuri iliyoko Newcastle.

Dalili: mabaharia wanatoroka, au wamegeuza mizinga

Zinaonekana dalili mbili, ni moja iliyochelewa kutibiwa.

Utoro una msimu. Angalia daftari: kama unatokea mwanzo wa kusi, majahazi yanapopandisha kwenda Arabuni, tatizo ni malipo. Baharia wa jahazi hulipwa fungu la faida, na safari ikiisha yuko huru kutafuta nahodha mwingine. Wewe unamtaka miaka mitano kwa mshahara ule ule, viatu juu, likizo hakuna. Tulijaribu kuongeza mshahara, utoro ukapungua kidogo tu. Kilichouzima ni kugawa mkataba: baharia anahudumu misimu miwili, anaruhusiwa msimu mmoja kwenda na jahazi, anarudi. Amiri alipiga kelele kwamba tunapoteza theluthi ya watu. Nikamwonyesha kwamba theluthi hiyo alikuwa akiipoteza tangu zamani, tena hairudi.

Kagua pia lugha. Jeshi letu la kwanza liliajiri maofisa wa kigeni na amri zikatolewa kwa Kiingereza. Mtu anayejua maneno ya jahazi, omo, shetri, demani na joshi, tangu utotoni akageuzwa mjinga kwenye sitaha. Ajali za kupishana kamba ziliisha zamu moja baada ya kuwapa maserahangi, wasimamizi wa mabaharia, kazi ya kutafsiri kitabu cha amri. Kwa injini ni kinyume: hapo hapana urithi, na maneno yakope tu, boila iwe boila, vali iwe vali, alimradi kijana anaijua ikiwa imefungwa au iko wazi.

Kwa uasi wenyewe uko mfano mmoja unaotosha. Brazil ilipokea Minas Geraes mwaka 1910, manowari ya aina ya Dreadnought, wakati huo mojawapo ya zenye nguvu kabisa duniani. Novemba mwaka huo huo, baada ya baharia mmoja kuchapwa viboko 250 mbele ya wenzake, mabaharia wakiongozwa na João Cândido waliiteka pamoja na meli nyingine, wakaielekezea Rio de Janeiro mizinga. Dola ilinunua chuma cha karne ya 20 ikawaweka ndani yake watu chini ya kiboko cha karne ya 19. Kama mchezaji wako ana safu ya "nidhamu" anayoipandisha bila kugusa chakula, mshahara na adhabu, ifute hiyo safu. Sisi tumeiita "jikoni". Jikoni ikishuka chini ya tatu, kila zamu tunatupa dado.

Dalili: adui anaingia, anatia nanga mbele ya kasri, na huna la kufanya

Agosti 1885 manowari za Kijerumani chini ya Komodori Paschen zilijipanga mbele ya Unguja kumlazimisha Barghash akubali madai yao bara. Tukio hilo liko kwenye mchezo pia, kimbunga au bila kimbunga. Wachezaji wengi hujibu kwa kununua manowari. Hawana wakati, na hata wangekuwa nao, hawawezi kushindana na Ujerumani tani kwa tani.

Uliza kwanza: lango langu lina nini? Siam, Thailand ya leo, ilikuwa na ngome na vizuizi Paknam, mlangoni mwa mto Chao Phraya, na Julai 13, 1893 manowari za Kifaransa zilipita hivyo hivyo mpaka Bangkok. Norway nayo ilikuwa na ngome ya Oscarsborg kwenye mkono wa bahari wa Oslo, mizinga ya Krupp ya karne ya 19 na topido za kizee zilizofichwa kwenye mwamba. Usiku wa kuamkia Aprili 9, 1940 zikaizamisha kruza mpya ya Kijerumani, Blücher. Tofauti ninayoiona mimi ni umbali na wakati: mlango mwembamba, adui aliyesogea karibu mno, na kamanda aliyefyatua bila kungoja simu kutoka mjini.

Mombasa inayo nafasi hiyo. Miamba inakulazimisha kupita mlango unaojulikana, kwa Kilindini na kwa Bandari ya Kale. Kwa bei ya Glasgow moja unapata mabomu ya kutegwa majini, kurunzi kubwa mbili, boti nne za topido na mizinga michache iliyofichwa badala ya kupangwa ukutani kama sahani za kabati. Na topido si ndoto: Aprili 23, 1891 boti za serikali ya Chile ziliizamisha Blanco Encalada, meli ya deraya iliyokuwa nanga Caldera, kwa topido moja iliyolenga vizuri. Kumbuka tu kwamba topido bila mafundi ni bomba la shaba linalozama.

Ila ngome usiitegemee peke yake. Fort Jesus ilizingirwa na Waomani tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698. Kuta hazikuwa kilichoshindwa. Ndani watu walikwisha kwa maradhi na njaa, na merikebu ya Kireno Santo António de Tanná iliyoletwa kusaidia ilizama 1697 mbele ya ngome hiyo hiyo. Kadi ya ngome bila kadi ya ghala la chakula naikataa mezani.

Dalili: nguvu zinalingana, pambano unashindwa

Hili fupi. Hujafyatua mizinga tangu ulipoinunua. Risasi za mazoezi ni ghali, kwa hiyo mchezaji bahili hazinunui, kisha anashangaa. Kila msimu bila mazoezi toa moja kwenye dado la kulenga. Rudisha kwa misimu miwili ya mazoezi. Hakuna njia ya mkato niliyoikuta.

Dalili: hakuna dalili

Meli zinatoka, hazina imejaa, adui wanakimbia, na wachezaji wanapiga miayo. Mgonjwa hapa ni msimamizi. Nilikuwa hivyo mwaka wetu wa pili: nilimpenda sana amiri, nikaanza kusoma dado kwa jicho moja. Kufikia 1889 dola ya mwambao ilikuwa na manowari nyingi kuliko Wareno Afrika nzima, na hakuna aliyeweza kunieleza makaa yalitoka wapi. Nikachukua daftari nyumbani, nikahesabu upya tangu ukurasa wa kwanza, gunia kwa gunia. Wiki iliyofuata nikawasomea matokeo: meli kumi na saba zikawa nne. Mmoja aliondoka na hakurudi kwa mwezi mzima.

Ukilazimika kufanya hivyo, fanya mara moja na uonyeshe hesabu yote, usipunguze kidogo kidogo kwa kisingizio cha dhoruba. Watu wanasamehe hesabu. Dhoruba ya tatu mfululizo hawaisamehi.

Jumamosi iliyopita amiri alitaka boti ya tano ya topido. Mwalimu akafungua ukurasa wa mafundi, akaweka kidole kwenye safu ya boila, hakusema neno. Amiri akaitazama, akasukuma kikombe chake, akaomba vijana wanane wapelekwe karakanani badala yake. Tunaingia kaskazi ya 1893 tukiwa na meli nne, na tatu zinatoka.